Mawaridi ya Bibi Yameoza

Mwenzangu, nipo nje ya geti la yule bibi wa mawaridi.

Yameoza. Yote! Yale aliyopanda na marehemu mumewe!

Kwenye mchanga huu unaounguza, matandazo ya kufunika udongo ndiyo yanatunza maji, lakini shina unaliachia nafasi ya kiganja lipumue, lisioze. Mimi ndiye huwafundisha vibarua wa bustani hivyo, MIMI! Mwezi uliopita nikalipua kazi, nikarundika matandazo ya maranda ya mbao hadi shingoni mwa shina.

Leo nafukua, shina linabaki mkononi kama mkate uliolowa.

Bibi machozi tele: "Nisamehe fundi, nimekuharibia kazi yako. Nimemwagilia kupita kiasi."

Ananiomba msamaha. Mimi!

Unajua nilimjibuje?

"Nimekusamehe, bibi."