Jibu Hapana Zote

4 Februari

Kwa dada yangu, mama mtoto,

Hujambo wewe, na mpwa wangu hajambo? Mimi mzima kama chuma. Hapa gereji fundi rangi ni mimi, wengine wanabeba ndoo. Juzi mteja alipita mbele ya gari lake mwenyewe akaniuliza, "Langu liko wapi?"

Mama ametoka kwako na habari. Eti mtoto akilia nawe unalia. Sasa nani ananyonya hapo? Eti toroli likiburuzwa nje unajifungia chooni. Toroli! Wewe uliyenichapa na mwiko mpaka mwiko ukavunjika! Mama anasema wote wamezaa na hakuna aliyekufa. Acha kudeka, shemeji akirudi na lori lake asikute watoto wawili.

Mjomba mtu.

19 Februari

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Mtoto hajambo, anaongezeka uzito.

Nakwambia wewe kwa kuwa mama hataki kusikia. Nilikaa na uchungu siku mbili, peke yangu. Walikataa mtu kuingia. Nilipolia mkunga akasema, "Mbona siku ile hukulia?" Kisha wakanikimbiza kwenye toroli kwenda kupasuliwa, na ganzi haikushika. Nilisikia kisu. Nikasema nasikia, wakasema nyamaza. Mtoto akatoka kimya wakaondoka naye, na siku sita hakuna aliyeniambia kama yuko hai. Sasa akilia mimi sipo nyumbani. Nipo juu ya ile meza.

Nesi wa kliniki amenipa karatasi ya maswali kumi na mawili, ya kujibu ndiyo au hapana. Je, ulipasuliwa kwa dharura? Uliogopa kufa? Ulitengwa na mtoto? Ulikosa mtu wa karibu? Kwangu karibu zote ni ndiyo. Naogopa kuirudisha. Nifanyeje?

Dada yako.

24 Februari

Dada we,

Salamu tele, habari za afya nakuachia wewe, mimi siugui. Kwa karatasi umemfikia mwenyewe! Shule niliikimbia, lakini karatasi za maswali nazijua. Nilipoomba kazi kiwanda cha rangi tulipewa moja: unakohoa? unaumwa kichwa? Mwenzangu, bwana mkweli, akajibu ndiyo tatu. Akaonyeshwa geti. Mimi nikajibu hapana zote huku nakohoa mpaka kalamu inaruka, na kazi nikapata. Akili hiyo wewe umeiona wapi?

Basi hapana, hapana, hapana, mpaka chini. Ukisema ndiyo wataandika una kichaa, mtoto apewe mama mkwe wako. Na usiikunje, karatasi iliyokunjwa ina sura ya mtu mwenye wasiwasi.

Halafu kisu ulikisikiaje na bado uko hai? Hapo umezidisha chumvi.

Mjomba mtu.

3 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo. Nilifanya ulivyosema. Nesi alisoma akasema, "Hongera mama, wewe shupavu," akafuta jina langu kwenye orodha ya wa kusaidiwa. Mama mwenzangu pale kliniki alijibu ndiyo saba. Mtoto wake hakuchukuliwa. Amepangiwa mtu wa kumsikiliza kila Alhamisi.

Jana nilirudi kumwambia nesi nimedanganya. Nilifika getini, toroli la wagonjwa likapita. Sikuweza.

Na kisu nilikisikia.

Dada yako.

30 Machi

Dada,

Hali yako? Najua hujibu. Wanasema tangu wakuokote barabarani bila viatu hujatoa neno. Mtoto yuko kwetu, mzima. Majirani walivunja mlango baada ya kumsikia akilia tangu asubuhi. Sauti tu ndiyo imemkauka.

Pole kwa kulazwa hospitali ileile uliyojifungulia. Kwingine kulijaa.

Nesi wa kliniki alikuja nyumbani na karatasi yako. Akauliza, "Nani alimfundisha kujibu hivi?" Mama akasema, "Nani tena? Kiburi chake cha tangu utotoni." Shemeji akanitazama. Nikasema, "Dada hapendi kuhurumiwa."

Daktari anatuuliza kila siku ilikuwaje ulipojifungua. Anasema bila kujua hilo anapapasa tu gizani. Hakuna anayejua. Barua zako ninazo mimi, lakini nikimwonyesha mtu ile ya kwanza ataitaka na ya pili, na ile ya pili inanitaja.

Hii nimeileta kwa mkono wangu. Usimpe mtu. Pona kwanza, dada, halafu nitawaonyesha.

Mdogo wako.