Sijaelewa, Naomba Urudie

Jumatatu, 11 Agosti
Nimefagia kaburi la mke wangu Paskazia, nimelisha kuku, nimekunywa uji usio na sukari kama daktari alivyoagiza. Devota bado amelala. Si desturi yake. Mjukuu wangu huyu huamka kabla ya jogoo. Amefika juzi kutoka chuoni, amemaliza mwaka wa pili wa uhandisi, na tangu afike anakula kama ndege. Sitamuuliza. Mgeni haulizwi, husubiriwa.

Alhamisi, 14 Agosti
Amesema mwenyewe, tukichambua maharage. Ameshindwa somo la miundo, yaani boriti na mizigo inayozilemea. Chuo kimemweka chini ya uangalizi. Mwezi ujao atafanya mtihani wa marudio. Akishindwa tena, anaondolewa. Wenzake huita hali hiyo kudisko. Neno baya kwa jambo baya. Mama yake, mwalimu kule Kasulu, anajua. Ndiye aliyemtuma kwangu Murungu apate utulivu. Nimeogopa sana. Sikumwonyesha.

Jumamosi, 16 Agosti
Tulikwenda Kibondo mjini kununua sabuni. Shabani mwenye duka alipaza sauti mbele ya wateja: "Injinia wetu huyo! Lile daraja letu lini, au tuendelee tu kuvua viatu?" Watu wakacheka. Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeanza kumwita Injinia, tena kanisani, siku alipochaguliwa kuingia chuo. Nilitamani ardhi inimeze. Devota akajibu: "Bado sijaiva, kaka Shabani. Nikikujengea leo, kesho utavua na suruali." Kicheko kikahamia upande wake. Mimi nilijifanya sikuisikia hiyo suruali. Njiani nilimwomba radhi kwa lile jina. Alinishika mkono.

Jumanne, 19 Agosti
Amebuni njia. Kila siku baada ya chakula cha mchana ananifundisha mimi. Anasema asichoweza kumweleza Babu, hakijui. Amechora boriti kwa mkaa nyuma ya mlango wa jiko. Nakaa kwenye kigoda, naitikia "ego, ego", ndiyo, ndiyo, kama tunavyoitikia Waha mtu anapozungumza nasi. Anaeleza vizuri mno. Sauti yake ni ya bibi yake.

Sielewi kitu.

Jumatatu, 25 Agosti
Siku mbaya. Alinitaka nimrudishie somo. Nilisimama mbele ya mlango ule, mikono nyuma, nikasema kwamba boriti ni kitu cha maana sana katika nyumba. Akanitazama. "Babu, kumbe umekuwa ukiitikia tu?"

Nilikubali. Nilimweleza kwamba kwetu anayekufundisha ni kama amekuandalia chakula. Ukisema hujaelewa, umeisukuma sahani. Hata shuleni kwa mapadre tuliitikia hivyo hivyo, kwa heshima. Nilitegemea akasirike. Aliketi sakafuni. Kisha akasema ndivyo anavyokaa darasani. Mwalimu huuliza kama wameelewa, naye huitikia kwa kichwa. Mwaka mzima ameitikia kwa kichwa.

Amejifunza wapi adabu hiyo? Hapa, kwangu. Sikula.

Jumanne, 26 Agosti
Nilidhani atafungasha. Badala yake ameniwekea sharti. Nisipoelewa, niseme: "Sijaelewa, naomba urudie." Nisiposema, ugali nitasonga mwenyewe. Nimejaribu. Ulimi ulikuwa mzito kama wa mtu anayemtukana mgeni wake. Hatimaye nimesema, nikaongeza samahani. Samahani nayo ameipiga marufuku.

Ijumaa, 5 Septemba
Wiki ngumu. Nimekuwa mwanafunzi msumbufu. Leo nilimuuliza: ikiwa mzigo umewekwa juu ya boriti, kwa nini ufa huanzia chini? Alianza kueleza, akakwama. Akaanza tena. "Hata mimi sijui, Babu. Nimekariri tu." Alilia kwa hasira. Nilijuta kuuliza. Mtihani umekaribia, nami nimemvunja moyo.

Lakini alinawa uso, akachukua simu, akatoka uani, akampigia mwalimu wake wa chuo. Nilimwona kupitia dirisha. Alisema, kwa sauti iliyofika hadi ndani: "Mwalimu, sijaelewa. Naomba urudie." Bila samahani. Mimi katika umri wangu wote sijawahi kumwambia hivyo mtu aliyesoma.

Aliporudi alikata kipande cha mgomba, akakichanja mistari ya wima ubavuni kwa kisu, akakilaza juu ya mawe mawili. Akaniambia nikandamize katikati. Juu mistari ikasogeleana. Chini ikaachana. Kati ya juu na chini haikujali. "Juu panabanwa, Babu, chini panavutwa. Kinachovutwa ndicho kinachopasuka."

Nimeelewa. Nilipiga kelele isiyolingana na umri wangu. Kuku walikimbia.

Jumapili, 7 Septemba
Misa. Amesoma mchana kutwa. Leo amenifundisha nondo za chuma hulazwa wapi ndani ya zege, na sababu yake. Nilimrudishia somo lote pale mlangoni. Alikosoa mahali pamoja.

Jumatano, 10 Septemba
Kasulu. Nimemsindikiza hadi kwa mama yake, kisha kwenye basi. Mama yake alimwambia atashinda tu. Mimi nilishindwa kusema hivyo, kwa kuwa sijui, na mtoto huyu hastahili kuambiwa jambo nisilolijua. Nilimwambia, "Endelea kuuliza." Akapiga goti kidogo, kama alivyofundishwa, akapanda. Siku alipochaguliwa nilijivunia jina lake gazetini, kati ya majina ya wengine. Leo najivunia yeye. Nina hofu vilevile.

Jumamosi, 20 Septemba
Mtihani ameshaufanya. Anasema hakuna alichoacha wazi. Sikuuliza zaidi. Shabani ameuliza habari za Injinia. Nimemjibu anaitwa Devota.

Alhamisi, 9 Oktoba
Mvua ya kwanza. Kuku wamejibanza jikoni. Mchoro wa mkaa bado uko mlangoni, sijaufuta.

Devota alipiga simu mchana. Amefaulu. Uangalizi utaendelea kwa muhula mmoja, lakini anaingia mwaka wa tatu. Alisema haraka haraka, pumzi zikimkatika. Kisha nikasema: "Sijaelewa. Naomba urudie."

Alicheka. Akarudia lote, polepole, neno baada ya neno.

Nilikuwa nimeelewa tangu mara ya kwanza. Mungu anisamehe.