Kamera Anayoikubali Mama

Alkhamisi, Wete. Mawingu tangu alfajiri, lakini mvua haijaamua. Mwanga wa leo ndio ninaoupenda: laini, hauna kivuli, kila kitu kinaonekana kama kimefuliwa jana. Nyumba nzima inanuka karafuu. Nguo zangu zinanuka karafuu, mto wangu, hata chai. Msimu huu ukifika huwa naishi nusu macho nusu usingizini, na sina haraka ya kuamka.

Shajara yangu, wiki nzima nimekuwa na swali dogo la kijinga. Kamera ipi niwe natembea nayo kila siku? Si ya kazi, ya kazi ninayo. Nasema ile ya kukaa mkobani pamoja na funguo na kitana, ya kutoka nayo hata kama nakwenda kununua mkate tu.

Asubuhi nimezipanga zote kitandani, nikakaa kuziangalia kama mtu anayechagua kanga ya sikukuu.

Ile kubwa ya kazi ndiyo niliyoanza kuitoa kwenye hesabu. Ni nzito, na ukiichomoa tu watu wanabadilika. Juzi niliitoa dukani, muuzaji akaniambia subiri, akaingia ndani kuvaa kofia, akarudi akasimama kama anapigwa picha ya kitambulisho. Mie nilichokitaka ni mikono yake ikifunga mkate kwenye gazeti. Nikampiga hivyo hivyo na kofia yake, maskini, asivunjike moyo.

Simu ni nyepesi, ipo kila saa, na inapiga vizuri kuliko ninavyopenda kukiri. Kila ninayemuuliza ananiambia, "Simu unayo, unahangaika na nini?" Wana haki. Lakini simu yangu ina kesi nyumbani kwetu, na kesi yenyewe sijawahi kuiandika hapa.

Leo naiandika.

Msimu wa karafuu wa mwaka juzi nilipiga picha uani. Nilikuwa nataka jamvi tu, na karafuu zilizoanikwa juu yake zikiwa zimeanza kugeuka kutoka kijani kuwa hudhurungi. Picha ikatoka nzuri, nikaiweka kwenye status. Sikuangalia kona. Konani alikuwepo mama, kanga moja kifuani, kichwa wazi, nywele amezifumua nusu, liwa la urembo limepakwa uso mzima, amekaa kwenye kibao chake anachambua makonyo, vile vijiti vya karafuu. Watu wakasifu karafuu. Hakuna aliyeniambia kitu.

Kesho yake asubuhi muuza samaki anayetuletea kutoka Tumbe kwa baiskeli alisimama mlangoni kama kawaida yake, akamwambia mama kwa furaha kabisa, "Bi Mize, jana nimekuona kwenye simu! Liwa limekupendeza." Kwa haki yake alikusudia wema. Mama aliwaacha samaki kwenye mizani, akaingia ndani.

Hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa nafuu. Alinitazama akasema, "Raya, weye?"

Hilo "weye" ndilo lililonichoma, kwa sababu ya kazi yangu. Napiga picha kwenye harusi, upande wa wanawake. Mie ndiye ninayesimama mlangoni na kapu, nakusanya simu za wageni mmoja mmoja, maana humo ndani watu wanavua mabaibui, wanacheza, wanajiachia, na hakuna sura hata moja inayotakiwa kuvuka ukuta. Bibi harusi ananiamini kuliko anavyomwamini wifi yake. Miaka yote hiyo sijavujisha picha hata moja ya mtu. Nikaja kumvujisha mama yangu mwenyewe, tena uani kwake.

Tangu siku hiyo mama akiiona simu yangu tu, upande wa kanga unapanda usoni. Hata nikitazama saa. Hata nikizungumza na dada Ziada aliyeolewa Unguja. Sasa ni miaka miwili. Nina picha maelfu za wanawake wa kisiwa hiki, na za mama yangu nilizonazo ni picha za kanga. Nikitaka naweza kuzitaja kanga zake zote kwa mpangilio.

Kazeeka kidogo katika miaka hii miwili. Shavu limeingia ndani upande wa kushoto, alipong'oa meno. Ninayaona haya kwa kuibia, akiwa anakula au amesinzia, halafu naogopa. Naogopa itafika siku nitautafuta uso wake nisiupate popote.

Kwa hiyo swali si dogo, na si la kijinga.

Kamera ya tatu pale kitandani ni kijikamera kikuukuu nilichokipata kwa muuza mitumba Chake Chake, kwenye boksi la chaja na rimoti zisizo na wenyewe. Kinaenea kiganjani. Kioo chake cha nyuma kina doa, na picha zake zinatoka zimefifia ukingoni, mwanga umetawanyika, kama mambo unayoyaona ukilala mchana. Hakijui mtandao. Kina kadi yake ndogo na kadi hiyo ikitoka, hakina pengine pa kuweka kitu. Nilikipenda siku ileile, ila sikumuonyesha mama. Nilikuwa naona haya.

Leo baada ya adhuhuri nikasema liwalo na liwe. Mama alikuwa uani, nywele wazi, liwa usoni, mbele yake rundo la karafuu. Nikakaa kumsaidia kuchambua, na kamera nikaiweka jamvini baina yetu, wazi.

"Kino nini?"

"Kamera, mama."

Upande wa kanga ukapanda.

"Inakwenda kwenye simu?"

"Haiendi popote. Haina njia."

"Picha zake hukaa wapi basi?"

Nikafungua kifuniko cha chini, nikatoa kadi, nikamuwekea mkononi. Akaigeuza geuza kwa vidole vilivyoingia weusi wa karafuu. Ilikuwa ndogo kuliko ukucha wake wa gumba.

"Zote humu?"

"Zote."

"Na kino kikadi kikiwa hakimo?"

"Kamera inakuwa haina kumbukumbu."

Akaifumbata kadi. "Basi kino n'takaa nacho mie. Asubuhi nakupa, magharibi wanirejeshea. Weye tembea na hicho kiboksi chako."

Nilidhani mzaha, nikacheka. Yeye hakucheka.

Nakiri nilikasirika. Mwanamke mzima, nina jina langu mjini, nigaiwe kadi asubuhi kama mtoto anayepewa sukari? Halafu nikalikumbuka kapu langu la harusini. Wanawake wenye umri wa mama wanatia simu zao mle, na ninawaambia kwa sauti tamu, "Msinichukulie vibaya, shangazi, ni kwa stara ya watu waliomo ndani." Hawanichukulii vibaya. Wanatia, wanaingia, wanacheza. Leo mlangoni alikuwa mama, na aliyetakiwa kutia ni mie.

Nikamwambia, "Haya, mama. Yako."

Aliniangalia usoni hasa, kama anayesoma. Kisha akanirudishia kadi.

"Itie. Piga."

Na kanga ikashuka.

Hakutabasamu wala hakujitengeneza, aliendelea kuchambua tu, mdomo umekunjika upande kama anavyofanya siku zote akiwa na kazi. Nilipiga picha tatu. Ningeweza kupiga mia, lakini sikutaka aione njaa yangu.

Nikamuonyesha. Akafuta vidole kwenye kanga, akakishika kijikamera, akakisogeza karibu, akakisogeza mbali. Nikadhani ni zile nywele hazijampendeza. Nilishaanza kutafuta maneno ya kujitetea.

"Huyu mama'ngu," akasema.

"Ni weye, mama."

"N'najua ni mie, sikupofuka. Nakwambia huyu mama'ngu."

Bibi yangu, mama yake, alifariki mama akiwa bado msichana mdogo, kabla ya mtu yeyote wa ukoo ule kusimama mbele ya kamera. Hatuna picha yake. Hatuna hata mtu wa kutueleza alivyokuwa. Tulipokuwa wadogo tukimuuliza mama, jibu lilikuwa moja tu: alikuwa mrefu. Nilikuwa nafikiri hapendi kumzungumza. Leo ndio nimejua kuwa alikuwa hana zaidi ya hilo la kutuambia.

Akagusa kioo kwa ncha ya kidole. "Pua ino. Na hapa, tazama, alivyokuwa akikunja mdomo. Alikuwa akichambua vino vino, ntu akimsemesha hamjibu. N'likuwa nshamsahau, Raya. Sura yake ilikuwa imeshaniondoka."

Akalia. Nami nikalia. Na mvua, kwa vile haina haya, ikachagua dakika ileile kuanza. Tukainuka mbio kuziokoa karafuu, kila mmoja na ncha mbili za jamvi, tunavuta kuelekea barazani, tunalia, tunagombezana. Yeye ananiambia navuta kama sina mifupa, mie namwambia ashike vizuri. Karafuu nyingi zimemwagika. Hakuna aliyejali.

Magharibi, baada ya sala, nikampelekea kadi kama tulivyoahidiana. Akaipokea, akaifunga kwenye pindo la kanga yake, mafundo mawili.

Nikamkumbusha kuwa asubuhi nakwenda Wingwi, nitaihitaji mapema.

"Hino hutoki nayo."

"Mama, si tumekubaliana?"

"Tulikubaliana kabla sijaona kilomo ndani."

Nikamuacha na mafundo yake, nikarudi chumbani.

Sasa naandika haya kitandani, isha haijaadhiniwa, mvua imebaki matone tu kwenye bati. Ile kamera kubwa nimeshairudisha kabatini. Kijikamera kimo mkobani, pamoja na funguo na kitana, na ndani yake hakuna kitu. Nimechagua kamera ya kila siku ambayo kesho haiwezi kupiga hata picha moja. Najiuliza kama kuna mpiga picha mwengine duniani aliyelala na furaha kwa jambo kama hili.

Mama yuko chumba cha pili anazungumza na dada Ziada kwa simu. Ukuta wetu hauzuii kitu, na mama kwenye simu husema kwa nguvu, kama Unguja ni ng'ambo ya mto.

"Wikiendi usikose," anamwambia. "Njoo umuone bibi yako."

Kesho nikatafute kadi nyengine. Ile ina mwenyewe.