Mmea wa Nyuma ya Nyumba

Shiru wangu,

Babu yako amepona kikohozi, anakusalimu huko Houston.

Umeuliza mbona nina mmea uleule mbele na nyuma ya nyumba. Tulipohamia Fort Worth miaka ya tisini, Mama Furaha, jirani yetu kutoka Kongo, ndiye aliyekuwa nao. Vindege vidogo vilining'inia hewani vikinyonya maua yake mekundu. Kwangu vilipita tu. Wivu ulinikaba hata salamu nikamnyima. Jumapili moja, akiwa kanisani, nikamwibia tawi, nikalipanda nyuma.

Jioni akabisha hodi na kopo. "Mama, hii nilikupandia. Iko na mizizi tayari. Naona unaangaliaka wale ndege."

Nikamwonea wivu tena, safari hii kwa roho yake.

Zawadi yake niliipanda mbele. Mpaka leo akija kunitembelea, tunakaa mbele.

Nyanya yako