Kipande cha Tatu

Jumatatu, 4 Machi 1996

Damiano, fundi wa kompyuta, kaja ofisini parokiani na karatasi nne. Kabadilisha programu inayopokea barua kwa redio, anataka niipitie kabla hajaiweka. Mimi wa darasa la saba! Anasema nimeshika redio ya upepo miaka kumi na sita, makosa ya hewani nayajua kuliko yeye.

Akanifafanulia mstari kwa mstari. Barua hukatwa vipande, kila kimoja na namba yake. Kompyuta inavisoma na kuviunga. Kilichoharibika inakiomba tena mara tatu. Kisha? Inakiruka, inaunga vilivyobaki. Nikamwuliza msomaji atajuaje. Akajibu: Siku hizi soko huria, mama, watu wanataka barua haraka.

Jumatano, 6 Machi

Binti yangu Hilda, aliyeolewa ziwani, kalazwa hospitali ya huko. Mimba ya kwanza. Ee Bikira Maria, uwe naye.

Nimemkumbuka marehemu Sista Getrude, aliyenifundisha redio. Chumba hiki hiki, betri ya gari chini ya meza. Kila asubuhi tukiamkiana hewani na vituo vya Liuli, Kingerikiti, Matiri—hata mwenye mafua nilimjua kwa sauti. Barua za sasa hazikohoi.

Siku moja ya mvua niliona haya kuomba warudie mara ya nne. Nikajaza neno kwa kukisia. Sista akaichana ile karatasi.

“Ottilia, sema hujapata. Si dhambi.”

Nimemrudishia Damiano karatasi zake. Pembeni ya ule mstari nimeandika: Usiruke. Acha pengo, andika SIJAPATA na namba ya kipande. Kanuna kidogo. Lakini kabadilisha.

Ijumaa, 8 Machi

Programu mpya imewekwa asubuhi. Saa tisa radi upande wa ziwani, na barua ikaanza kuingia. Yangu! Ya Pankras, mkwe wangu.

Shikamoo mama. Mtoto amezaliwa leo, wa kike, analia vizuri.

SIJAPATA KIPANDE CHA 3.

Tumshukuru Mungu kwa yote. Njoo.

Ingeungwa, sasa hivi ningekuwa napiga vigelegele. Hilda hatajwi popote.

“Labda kilichokosekana ni salamu tu, mama,” Damiano kasema taratibu.

“Tusikisie, mwanangu.”

Nimebonyeza iombe tena. Mara tisa sasa. Kanisani Njia ya Msalaba imeanza bila mimi, nawasikia wakipiga magoti. Damiano kavuta kiti, kaketi kando yangu. Mvua imepungua. Kile kitaa cha kijani cha kupokea kinapepesa—