Maandishi Yakianza Kupanda

Jumatatu, 4 Juni

Petroli nimeweka, jenereta imekubali. Banda la video limejaa kabla ya saa nane mchana. Wachimbaji wametoka mashimoni na vumbi lao, wamekalia mabenchi yangu na kuyachafua. Wanataka ileile. Katuni ya korongo. Nina sinema za ngumi, nina za Kihindi, nina za Kinaijeria. Hawazitaki. Kerende nzima imepata wazimu.

Wao wanaiita ya Wachina. Nimewaambia ni ya Wajapani. Nimefundisha jiografia mpaka nikastaafu, na bado nabishana na wanaume wenye ndevu kuhusu ramani.

Wajapani wanaongea Kijapani, chini yanapita maandishi ya Kiingereza yanayokimbia. Mimi nasimama pembeni na maikrofoni, natafsiri. Sauti inakauka. Hakuna anayesema asante, Mwalimu.

Hadithi yenyewe ni hii. Msichana anatolewa na ukoo wake akakae na bibi kizee anayelinda moto ndani ya mlima. Siku moja anaiba ufunguo, anampanda korongo mkubwa mwenye miguu ya mianzi, anatoroka kwenda kutafuta bahari. Bibi anamfukuza kwa kamba za moshi. Msichana anashinda. Watu wanapiga makofi. Maandishi ya mwisho yanaanza kupanda, nazima.

Upuuzi mtupu.

Jumanne, 5 Juni

Niandike ubaya wake wote nipumue.

Korongo hali. Anavuka mabonde na mito, amebeba mtu mgongoni, hali, hanywi, hata kujisaidia hajisaidii. Mfugaji yeyote wa Nyarero angeuliza. Halafu kuta za ule mlima zinang'aa dhahabu tupu na hakuna anayeokota hata punje. Hapo banda zima linapiga kelele. Leo kijana mmoja amesimama kumtukana msichana. "We dada! Bandua hata kipande! Unapita tu?" Wenzake wakamvuta shati akae. Halafu ni ndefu. Kuna mahali msichana anaangalia mvua. Anaangalia. Anaangalia. Hakuna kinachotokea.

Uzuri upo, sitamdhulumu mtu. Ile mvua wameichora vizuri. Inakuja ikitembea juu ya nyasi kutoka mbali, kama inavyotujia sisi kutoka upande wa ziwa. Na chakula. Bibi akifunua chungu, mvuke unapanda, na wanaume waliotoka kuponda mawe wanameza mate. Muuza chapati pale nje anafaidi kuliko mimi. Muziki nao hauna fujo.

Lakini yule bibi! Wamemchora kidevu kama kiwiko, na sunzua puani juu yake. Jina hawakumpa. Moto ukizimika mlima mzima unaganda, na yeye ndiye anayeulinda, usiku na mchana, na bado ni yeye mbaya. Waliochora hawajawahi kulea mtu.

Robi wangu anakaa benchi la mbele na mwanawe Bhoke mapajani. Mtoto mdomo wazi. Mama mtu mdomo wazi. Mkubwa mzima.

Jumatano, 6 Juni

Robi ameunguza maharage. Mawazo hayapo jikoni.

Nilimuoa kwa ng'ombe wangu mwenyewe, nyumba ntobhu, mbele ya wazee wa ukoo. Nilizaa mabinti watupu, wote wameolewa, wengine ng'ambo ya mpaka huko Kenya. Mume wangu akafa bila mtoto wa kiume. Mjane wa namna hiyo kwetu anaoa binti, na watoto wa binti huyo wanaitwa kwa jina la marehemu. Ndivyo nyumba isivyozimika. Bhoke ni wa nyumba yangu. Baba aliyemzaa si neno.

Ila Kerende yote inajua masikio ya Bhoke ni ya Marwa.

Marwa alikuwa kwenye karasha, anasaga mawe ya watu. Mweupe kwa vumbi, meno nje. Sasa nasikia ameacha dhahabu. Amepata kazi kwenye hoteli ya watalii karibu na geti la hifadhi, Ikoma. Jana alikuja na shati limepigwa pasi. Robi alicheka mpaka akashika nguzo ya banda.

Simpendi. Sikuwahi kumpenda.

Ijumaa, 8 Juni

Nimegombana na Robi kwa jambo dogo.

Anasema, "Mama, ile sinema unaizima mapema. Haijaisha pale."

Nikamwambia petroli hainyeshi kutoka mbinguni. Kila banda hapa Nyamongo ni hivyohivyo. Maandishi yakianza kupanda, watu wanainuka, tunazima. Yale ni majina ya Wajapani, nikayafanyie nini? Nikaite mahudhurio?

Akataka kuendelea. Nikamwambia asinifundishe kazi. Akanyamaza.

Sikuupenda ule unyamavu. Nimekaa na watoto wa watu miaka mingi darasani. Najua anayenyamaza kwa sababu ameelewa, na anayenyamaza kwa sababu ameshaamua.

Jumamosi, 9 Juni

Leo nimetafsiri ninavyotaka mimi.

Msichana alipochukua ufunguo nikasema kwenye maikrofoni, mwizi huyo, mtazameni. Bibi alipofungua kinywa nikampa maneno. Nimekulisha. Nimekuvisha. Ulikuja hapa hujui hata kuwasha moto. Leo umeota mabawa ya kuazima! Wajapani hawakuandika hivyo. Sijali. Wachimbaji wakacheka, mmoja akapaza sauti, "Mwalimu, leo bibi kaamka vibaya!"

Robi aliinuka kabla korongo hajatokea. Akambeba Bhoke, akatoka. Bhoke analia anataka korongo wake.

Nilijisikia vizuri. Vizuri sana. Nilipozima jenereta na banda likawa kimya, uzuri wenyewe ukaondoka.

Jumatatu, 11 Juni

Amesema.

Asubuhi, nikiwa nakunywa uji. Alinisalimia shikamoo akiwa amepiga goti, kama kila siku. Hakuinuka. Akasema Marwa anamsubiri Ikoma, anataka kwenda kukaa naye. "Na mtoto, Mama. Nakuomba."

Uji nikauweka chini. Nikamwambia mlango ule pale, yeye aende. Mtoto haendi popote. Nikamwambia na mengine. Siyaandiki.

Nimetuma ujumbe kwa wazee na kwa baba yake Robi.

Katuni nimeionyesha mchana. Nilitafsiri kwa hasira mpaka wateja wawili wakatoka. Waende.

Alhamisi, 14 Juni

Kikao kimekaa kwangu, chini ya turubai. Wazee wamekula, wamekunywa, wamesema ninachokijua. Desturi iko wazi. Mwanamke akiondoka, mtoto anabaki kwenye nyumba iliyotoa ng'ombe. Baba yake Robi muda wote alikuwa anaangalia viatu vyake. Wakaniuliza kama nataka ng'ombe warudishwe. Nikasema sitaki ng'ombe. Nataka nyumba yangu.

Wakasema basi, imekwisha.

Robi hakulia. Alikuja mbele yangu akasema, "Mwalimu, Bhoke halali mpaka ashikwe sikio. La kushoto."

Mwalimu. Tangu aingie hapa hajaniita hivyo. Ananiita Mama.

Akapanda gari la Mugumu, njia ya Ikoma, na mfuko mmoja. Bhoke alikuwa amelala. Tulifanya makusudi awe amelala.

Nimeshinda. Naandika tena. Nimeshinda.

Ijumaa, 15 Juni

Bhoke hajala. Ugali hapana, uji hapana, ndizi hapana. Amekaa mlangoni. Nimemshika sikio la kushoto, ameutoa mkono wangu.

Banda sijafungua. Wateja wamegonga mabati, wametukana, wamekwenda kwa jirani.

Jumapili, 17 Juni

Kanisani sikusikia mahubiri. Tumerudi, mtoto akaanza kulia upya. Anataka korongo. Jumapili huwa siwashi jenereta. Nimewasha. Petroli yote kwa ajili ya mteja mmoja wa miaka minne.

Maikrofoni sikuishika. Sikuwa na nguvu ya kutafsiri. Kumbe tangu niinunue ile sinema sijawahi kumsikia yule bibi. Kila akifungua mdomo nilikuwa naongea mimi. Sauti yake si kali. Ni ya mtu aliyechoka. Kamba za moshi zinamfikia msichana mara mbili nzima na mara zote mbili bibi analegeza mkono. Nilikuwa nimesimama pembeni nikipiga domo, nisione.

Msichana akashinda. Maandishi yakaanza kupanda. Bhoke alikuwa amesinzia mapajani, hatimaye, sikio lake mkononi mwangu. Ningeinuka kwenda kuzima, angeamka. Nikakaa. Majina yakapanda. Yakapanda. Wajapani ni wengi.

Halafu yakaisha, na picha ikarudi.

Bibi yuko ndani ya mlima. Anaosha bakuli mbili. Moja anairudisha kabatini. Anakwenda mlangoni, analing'oa komeo, anakuja nalo na kulitia motoni. Basi. Mlango umebaki hivyo. Theluji inaingia, bibi anafagia. Mvua inaingia, ileile mvua, anafagia. Majani yanaingia, anafagia. Nywele zinazidi kuwa nyeupe. Siku moja kuna hatua juu ya mawe huko nje. Bibi hageuki. Anaongeza maji kwenye chungu.

Imekatika hapo. Hawakuonyesha miguu ni ya nani.

Ndicho Robi alichotaka kuniambia. Atakuwa aliiacha ikaenda siku anafuta vumbi kwenye deki. Aliona hiki, akaja kuniambia, nikamuuliza kuhusu mahudhurio.

Nimelia kwenye banda la video. Mimi.

Jumatatu, 18 Juni

Nimewatukana Wajapani asubuhi nzima. Dosari kubwa kuliko zote za ile sinema ni hii, kushinda ile ya korongo asiyekula. Unachukuaje jambo lenyewe, kiini chenyewe, unakwenda kukiweka nyuma ya majina, mahali ambapo watu wote wameshatoka na jenereta imeshazimwa? Wanadhani dunia nzima ina umeme wa bure? Wajinga. Mafundi, lakini wajinga.

Na komeo limechorwa vizuri. Lina kutu. Hilo nawapa.

Mchana nimemwogesha Bhoke. Nimefua nguo zake zote, hata zile zilizombana. Zimekauka upesi, jua kali. Nimezikunja. Nimezifungua. Nimezikunja tena.

Mzee mmoja wa kikao amepita, nikamweleza kwamba nampeleka Bhoke kwa mama yake. Amenijia juu. "Wankuru, unatuchezea? Tumekaa kikao chakula chako kikaisha, leo unapeleka mtoto mwenyewe?" Nikamwambia ndiyo, napeleka mwenyewe. Ameondoka bila kuaga. Watanisema mpaka Nyarero. Nitasemwa na watu ambao nimewafundisha kusoma.

Naogopa. Niandike ukweli. Naogopa nyumba hii ikiwa tupu.

Jumatano, 20 Juni

Nimerudi kutoka Ikoma.

Robi tulimkuta nyuma ya hoteli anaanika mashuka ya wazungu. Bhoke aliniponyoka mkononi kabla sijasema kitu. Robi alidondosha shuka kwenye vumbi, shuka jeupe, hakuliangalia. Alimbeba mtoto akamgeuza huku na huku, kama anatafuta alipovunjika.

Halafu akaja akapiga goti palepale kwenye vumbi. "Shikamoo, Mama."

Niliitika marahaba.

Hotuba niliyoipanga njiani ilipotea. Nilisema mtoto anaitwa kwa jina la nyumba yangu na litabaki hilohilo. Robi akasema ndiyo, Mama. Nilisema nimeifikisha sinema mpaka mwisho.  Alinishika mkono. Marwa akaleta kiti, akaleta chai, akaleta maandazi, akasimama pembeni hajui mikono aiweke wapi. Masikio makubwa kweli.

Sikuwaambia waje lini kunitembelea. Nilitaka kuwaambia. 

Jumamosi, 23 Juni

Banda limejaa. Walitaka ya korongo. Nimetafsiri kama ilivyoandikwa, bila kuongeza. Wamesema leo haichekeshi.

Maandishi yalipoanza kupanda wakainuka. Nikasema kaeni. Wakanung'unika. Wengi wametoka, wachache wamekaa, mmoja ameuliza kama petroli nimeiokota.  Bibi alipoongeza maji chunguni, yule kijana wa bandua kipande akavua kofia, akaikunja, akaishika tu.

Nimefagia banda. Nimepika ugali wa mtu mmoja, umetoka mwingi, sijazoea kipimo.

Mlango sijauwekea komeo. Hapa Kerende ni ujinga, wezi wamejaa. Sijaweka.