Pale Anaponyamaza

Sengi Kabula, shangazi yangu,

Mwangaluka. Najua ungeniuliza habari za ng'ombe kabla ya habari za watu, basi ng'ombe hawajambo, yule mwekundu amezaa jike, na watu tunasogea hivyohivyo. Ni mimi Masanja, mtoto wa kaka yako, yule uliyekuwa ukisema alisoma mpaka akasahau jembe hushikwa upande gani.

Jirani yako Mama Minza ananicheka. Anasema namwandikia mtu aliyelala chini, tena ambaye hata alipokuwa hai hakujua kusoma. Nimemjibu kwamba mwandiko wangu hata waliosoma hawauwezi, kwa hiyo hujapungukiwa kitu.

Uliniagiza jambo moja ukiwa kitandani, nami nikaitika. Ulisema siku ukitoka nyumbani tukupigie ule wimbo, ule wa pale anaponyamaza. Ukaondoka bila kujua kama ningeweza. Nimeona si vizuri ukae huko na wasiwasi, maana nakujua, ungeanza kuwasimulia wenzako.

Unakumbuka tulivyoipata ile kanda? Maduka ya Bariadi yalikuwa yameanza kujaa tena. Sabuni ilirudi, mitumba ikawa inamwagwa chini mnadani kama mahindi, na betri, zile tulizozoea kuanika juu ya bati ili zijikokote siku moja zaidi, zikawa zinauzwa mpya. Ukauza dume ukanunua redio kaseti. Ukoo mzima ukaja kukutazama kama una homa. Halafu mchuuzi kutoka Nyashimo akapita na kanda ya nyimbo za Kizungu za miaka ya nyuma, zilizovuma huko kwao mpaka zikachoka. Hakuna aliyekuwa anazitaka. Ndiyo maana alikubali kumchukua yule jogoo wako mwenye chongo.

Na siku ile ya palizi, Sengi. Naomba nicheke kidogo. Kila mtu Usukumani anajua jembe hufuata ngoma. Wewe ukamwambia mpiga ngoma apumzike, ukaiweka redio juu ya kisiki, ukafungulia nyimbo za mapenzi za taratibu. Majembe yakapanda juu, yakakaa huko yanafikiri, yakashuka kama mtu anayesinzia kanisani. Mpiga ngoma alikaa pembeni anatafuna muwa, akasema, "Kabula, magugu ya nyuma yamekwisha kuota tena." Nami nilikuwa nimelala juu ya jembe langu, nashukuru kimoyomoyo.

Mwingine angeiuza ile redio. Wewe ulingoja pamba ipasuke, ukairudisha shambani wakati wa kuchuma. Hapo ndipo ulipotushangaza. Vidole vilitulia. Vilichomoa pamba na kuacha majani makavu kwenye kikonyo. Wakati huo nilikuwa karani wa mizani pale ushirika, kazi yangu ni kutenga pamba safi na ile chafu tunayoiita fifi. Yako ilifika nyeupe kiasi kwamba nilifuta mkono kwenye suruali kabla ya kuigusa. Nilikuuliza siri yake. Ukanielekeza kwenye redio kwa kidevu tu, kama mtu anayemtambulisha mkwe.

Wimbo ule mmoja ndio mlioupenda. Mwanamke anaanza na kinanda, polepole, kama anayeongea na mtu aliye chumba cha pili. Anapanda, anapanda, halafu ananyamaza. Kinanda nacho kinanyamaza. Nyie wanawake mlikuwa mnanyoosha migongo hapo, wote kwa pamoja, mikono viunoni, shamba zima. Kisha anarudi na sauti ambayo sijui inatoka wapi ndani ya mwili wa mtu, nanyi mnainama tena. Nilikuwa nakuja na baiskeli makusudi nione jambo hilo. Mtu wa ng'ambo, hajui Sapiwi yetu iko wapi, hajawahi kuona mti wa pamba pengine, na bado anajua hasa ni wakati gani mgongo wa Mama Minza unauma.

Nilitaka kukufasiria maneno yake. Ulinizuia. "Usiniambie, ng'wanone, mwanangu. Ukiniambia yatakuwa maneno." Nilifurahi sana, maana Kiingereza changu kingeishia mstari wa pili.

Sasa, siku yenyewe. Baba mdogo Maduhu alikataa. Unamjua mdogo wako, tangu awe mzee wa kanisa hata kikohozi chake kina adabu. Alisema, "Dada yangu ni Mkristo. Hazikwi kwa dansi." Nikamwambia si dansi, ni kazi, watu wamechumia pamba wimbo huo. Akasema kama ni kazi basi na aletewe jembe. Watu wakacheka msibani. Mwishowe akaona nimesimama tu pale mlangoni nimeikumbatia redio kama mtoto mgonjwa, akasema, "Mmoja. Baada ya sala. Na usiongeze sauti."

Nilitia betri mpya. Nilifuta kile kichwa cha redio kinachosoma kanda kwa pamba ya shamba lako mwenyewe. Kwaya ilipomaliza, kabla ya udongo, nikabonyeza. Kinanda kikaanza. Niliwaona akina mama wa shambani, waliokuwa wamekaa upande wa kaburi na khanga zao, vidole vinaanza kutembea vyenyewe mapajani. Yule mwanamke akapanda, akapanda, akafika pale. Akanyamaza.

Akina mama wakasimama, wakanyoosha migongo.

Tukangoja. Sengi, mimi ndiye niliyekuwa karibu na redio, mimi ndiye niliyesikia ule mlio mdogo wa kanda inapotafunwa. Hakurudi. Nikafungua mlango wa kaseti, utepe ukatoka kama utumbo wa kuku. Nikawaza, yote haya, nimebishana na mzee wa kanisa mbele ya watu, na Sengi anateremshwa katikati ya wimbo. Sikuthubutu kuinua macho. Wao hawakujua. Walidhani bado ni kile kimya chake. Walikisimamia, mikono viunoni, kirefu kuliko siku zote, hata watoto wakaacha kulia.

Halafu Mama Minza akaushika wimbo.

Sijui kama aliamua. Aliushika palepale mwanamke yule anaporudi, juu kabisa, na wenzake wakaingia chini yake. Hawajui neno hata moja la Kiingereza. Walikuwa na sauti za yale maneno, zilizosuguliwa na misimu mingi mpaka zikawa za kwetu, na kila moja ilikaa mahali pake. Wote walijua lini kupanda na lini kushuka. Wimbo ambao wenyewe huko ng'ambo walikwisha kuutupa ulikuwa umesimama pale kwenye udongo mwekundu, mzima, bila mashine, bila kinanda.

Bila kinanda, nasema, lakini nilisikia kitu kinanguruma nyuma yangu. Nikageuka. Baba mdogo Maduhu, kofia mkononi, macho chini, anapiga kinanda kwa koo. Mm, mm, mm. Hakukosea hata mahali pamoja. Kumbe alipokuwa anapita na ng'ombe wake kando ya shamba hakuwa anaharakisha. Mpaka leo anakana. Anasema alikuwa anasafisha koo.

Ndivyo ulivyotoka nyumbani.

Mengine ni kwamba mizani yetu ya ushirika imefungwa, na mimi nimepunguzwa kazini. Sasa wanakuja wanunuzi binafsi na magari yao, wanachukua safi na fifi gunia moja, hawatazami. Vijana wananiuliza kuna haja gani ya kuchuma taratibu. Akina mama wako hawajauliza. Wiki hii wameanza kwenye shamba lako, na redio iko juu ya kisiki.

Kanda nimeiunga. Ilibidi nikate pale palipotafunwa, nikabandika na gundi, kazi ya hovyo kama zangu zote. Kwa hiyo kimya kimekuwa kifupi. Yule mwanamke hangoji tena, anaendelea mara moja. Nilidhani wataharakisha ili waende naye. Hawakuharakisha. Wananyoosha migongo muda uleule wa zamani, wanamwacha atangulie, kisha wanainama na kumkuta mbele.

Mwalimu mmoja pale Bariadi amejitolea kunieleza maana ya wimbo. Nimemshukuru, nikamwambia hapana. Nakuahidi, Sengi, sitauliza kamwe. Na kila pamba inapopasuka nitabeba redio mpaka kwenye kisiki, na pale anaponyamaza nami nitanyoosha mgongo, ingawa unajua kabisa sitakuwa nimechuma chochote.

Lala salama, Sengi. Umetutangulia kidogo tu.

Mwanao,
Masanja